Nafasi ya Mshono

Dup.

Ndivyo ulivyolia mlango wa gari la babu ukifungwa. Haukupiga kelele kama sufuria iliyoanguka. Ulishuka mzito na mlaini, mara moja tu, na nyumba nzima ikajua mwenye nyumba amerudi kazini. Bibi alipunguza redio. Baba yangu na dada yake, wakati huo watoto, walificha chochote walichokuwa wakigombania. Mimi niliuwahi mlio huo mwishoni kabisa, nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mpaka leo nausikia.

Babu alipofariki, gari lilibaki kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na kutu ikalirithi. Kusema kweli, kutu ilianza kudai urithi babu akiwa hai. Sakafu upande wa abiria ilitoboka kiasi kwamba bibi, akiketi mbele, aliona barabara ikikimbia chini yake. Miaka minne alisafiri ameinua miguu, mkoba mapajani, kama mtu anayevuka mto. "Mume wangu," alikuwa akisema, "hili gari linataka nikimbie nalo."

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba ileile, na mtaani wanamwita Bi Nafasi. Jina hilo amelipata kwa haki. Kila nguo anayokata huiachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono, kipana kuliko anavyoacha fundi mwingine yeyote. "Mtoto hukua," husema, chaki ikiwa sikioni, "na mtu mzima hunenepa hata akikataa. Nguo isiyo na nafasi ni ya kupigia picha tu." Wapo waliovaa sketi yake moja kutoka darasa la kwanza hadi la nne. Kila mwaka anafumua, anaachia, anashona tena.

Macho ya bibi yalipozimika kabisa, baba aliamua kumjengea chumba chenye choo ndani, asivuke tena ua kwa kupapasa ukuta. Hilo hakuna aliyelipinga. Ila mahali pekee palipofaa ni pale kibandani. Siku moja baba akaja na jirani mwenye pikapu, akafunga kamba kwenye bampa la gari la babu, pikapu ikanguruma, na kilichotoka kibandani kilikuwa bampa peke yake, likiburuzika uani kama kopo mkiani mwa mbwa.

"Basi," baba alisema. "Limeoza. Namleta mnunua vyuma chakavu, alikate humo humo."

"Kaka, nipe mpaka mvua ziishe," shangazi akasema.

"Ulifanyie nini? Wewe unajua gari?"

"Najua kitu kilichochakaa."

Baba alimtazama, akatazama bampa. "Mpaka mvua ziishe. Lakini litoke kwa miguu yake lenyewe, mgongo wangu hausukumi. Likishindwa linakatwa, na usinililie."

"Nani akulilie? Aliyelia ni yule aliyeivunja taa yake ya nyuma kwa mpira."

Bibi, aliyekuwa kibarazani akikunja nguo kwa kupapasa pindo, alicheka. "Alilia kabla hata hajachapwa," akasema.

Nimewaona wengi wakifanya kazi, lakini sijamwona aliyefanya kama shangazi msimu ule wa mvua. Asubuhi alishona sare. Kuanzia saa kumi alikuwa kibandani mpaka mwanga uishe. Nati zilizoganda alizilowesha mafuta ya taa, akizirudia kila jioni kwa spana, taratibu, kama anayembembeleza mtoto ameze dawa. Skrubu alizilaza ndani ya siki kwenye sufuria kuukuu, kisha akazisugua kwa mswaki. Kila kilichofunguka kiliingia kwenye makopo yake ya vifungo, na kila kopo lilibandikwa kipande cha kitambaa chenye maandishi: mlango wa kushoto, taa, sijui. Kopo la "sijui" ndilo lililojaa upesi.

Bati la kuzibia sakafu hakununua. Shule mojawapo anayoishonea ilikuwa imetupa makabati mawili ya chuma ya kuwekea mafaili. Aliyaomba, yakaja kwa mkokoteni, bado yana harufu ya karatasi na wino. Kisha akafanya kama anavyofanya siku zote. Alitandika magazeti juu ya matundu ya sakafu, akayachora kwa chaki, akakata karatasi, akazilaza kwenye bati na kukata viraka kumi na kimoja.

Wa kuchomelea alikuwa fundi wa mageti na madirisha, tunayemwita Cheche. Ana mabinti watatu, wote wanavaa sare za shangazi, kwa hiyo walikubaliana sare kwa kuchomelea. Cheche alichukua kiraka cha kwanza, akakipima juu ya tundu, akakigeuza, akakipima tena. Kisha akaketi chini akicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Bi Nafasi! Umeacha mshono!"

Kweli. Upana wa kidole kizima ulizidi, pande zote. Na si kwenye kile kimoja. Vyote kumi na kimoja alivikata hivyo hivyo, mkono ukienda wenyewe.

"Mama, gari halinenepi," Cheche alisema. "Hili liliacha kukua siku lilipotoka kiwandani."

Shangazi si mtu wa kuona haya, lakini siku ile aliinamisha uso. "Mkono umezoea vibaya," akasema. "Punguza basi."

Cheche akakipunguza kiraka mpaka kikalingana na tundu sawasawa. Akavaa miwani myeusi, akachoma. Ukingo wa tundu ukayeyuka kama karatasi. Akajaribu upande wa pili, ukayeyuka nao, na tundu lililokuwa la ukubwa wa sahani likawa la sinia. Kiraka chenyewe, kwa kuchomwa mfululizo, kilijikunja kama jani kavu.

Kisha shangazi alichukua bisibisi, akapiga magoti, akaanza kugonga sakafu kando ya tundu jingine. Bisibisi ikapenya. Akasogea kidogo, ikapenya tena. Alipofika upana wa kidole kizima, ilidunda.

"Kutu haiishii pale unapoiona," alisema. "Ni kama kitambaa. Kikitoboka hapa, ujue kimeshaoza mpaka huku. Kiraka lazima kishike penye uzima."

Cheche alivua miwani, akagonga mwenyewe, akasikiliza. "Lete vile vingine," akasema. "Na hivyo hivyo vilivyo. Usipunguze hata ukucha."

"Na wewe usishone moja kwa moja. Piga bandi kwanza."

"Bandi ndiyo nini?"

"Mishono ya kushikizia. Hapa mmoja, pale mmoja, na kwenye kona ile mmoja. Nguo ikishatulia ndipo unashona."

Fundi wa mageti mazito kwa miaka ishirini alitaka kubisha. Vyuma vyake havijawahi kukunjamana. Lakini alipiga nukta moja hapa, moja kule, akangoja zipoe, akapiga nyingine. Bati likalala limetulia kama shuka. Mpaka leo Cheche akichomelea kitu chembamba husema anapiga bandi, na wateja wake hudhani ni neno la ufundi wa chuma.

Kosa la mkono, lile alilolionea haya, ndilo lililoishika sakafu. Kila kiraka, pamoja na kile cha kwanza alichokikata upya, kilikanyaga penye uzima pande zote. Kwa chini shangazi alijilaza chali juu ya gunia, akapaka lami ya kuzibia paa kwenye kila ungio, akatoka na matone meusi kwenye nyusi. Wateja waliofuata sare asubuhi walimkuta ananukia mafuta ya taa, wakajifanya hawanusi.

Injini haikuwa na ugomvi mkubwa. Makanika rafiki wa Cheche aliifungua, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na mipira iliyopasuka, akasema babu aliilaza imeshiba oili. Breki zilimsumbua wiki mbili. Viti shangazi alivivika mabaki ya vitambaa vya sare, bluu na kijivu, vikafanana na paredi ya shule.

Kilichomnyima raha ni mlango wa abiria. Aliunyoosha bawaba, akautia mafuta, ukafunga vizuri, lakini ulilia "kwaa!" kama kabati la mafaili. Aliufunga na kuufungua jioni nzima, uso umekunjamana. Mwishowe alibandua ubao wa ndani, na huko akakuta nyuzi za gunia zilizotafunwa na panya. Kumbe babu aliijaza milango magunia yaliyokunjwa. Shangazi akashona mto mwembamba wa vipande vya kitambaa, akaupachika ndani. Hakuujaribu tena. Aliuegesha tu, akaenda kunawa.

Mvua ya mwisho ilipokatika, baba alikuja, na nyuma yake mnunua vyuma akisukuma mtungi wa gesi ya kukatia.

"Naona umekuja na mgeni," shangazi alisema.

"Nimekuja naye akae tu."

"Mpe kiti basi, asichoke kusubiri."

Akaingia, akawasha. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Mara ya pili ilikohoa zaidi, na harufu ya petroli ikajaa ua. Mara ya tatu hata kukohoa hakukuwepo. Mnunua vyuma akaanza kukunjua mpira wa gesi yake. Baba alitazama chini. Nilimwona hafurahii.

"Mnakimbilia nini?" Bibi aliita kutoka kibarazani. "Umelijaza mafuta, limekabwa. Baba yenu alikuwa akiliacha lipumue. Ananitania kwanza, mimi nanuna, nikishamaliza kununa ndipo anawasha."

Shangazi aliweka mikono mapajani, akangoja. Tulingoja sote. Kisha akazungusha ufunguo bila kukanyaga mafuta, na gari likajikohoza, likatikisika, likashika. Lilitoka kibandani polepole, moshi wa bluu nyuma yake. Baba alitembea kando kando, kiganja juu ya paa, akilisukuma bila kujijua.

"Kaka, mgongo!" shangazi alipaza sauti dirishani.

Baba akauondoa mkono haraka, kama aliyeshikwa na sukari mdomoni. Mnunua vyuma alikunja mpira wake, akamuuliza Cheche, aliyekuja kushuhudia, kama yule mama anashona na ovaroli pia.

Gari lilipofika getini, bibi alikuwa ameshasimama. "Nipandisheni," akasema.

Baba alimshika kiwiko, akamketisha mbele, akamwekea mkoba mapajani. Kisha akaufunga mlango.

Dup.

Baba alibaki na kiganja juu ya mlango, akitazama upande wa ukuta. Bibi aligeuza uso wake usioona kuelekea kulikotoka mlio, akatabasamu, na kama zamani, bila kufikiri, akainua miguu yote miwili hewani, magoti yakimtetemeka kwa uzee.

Shangazi aliiona. Akainama karibu na sikio la mama yake, akamwambia kwa sauti ndogo iliyokaribia kumezwa na injini:

"Teremsha miguu, mama. Niliacha nafasi."