Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Chekeni kwanza, mmalize, ndipo nisimulie, maana najua hata kabla sijafika katikati mtaniangalia kama walivyoniangalia watu wa soko la Lushoto siku ile niliyomshika mama mkwe wangu mguu mchana kweupe.

Tena hakuwa mkwe bado! Wazee wangu walikuwa wamepeleka posa kwa kina Mwanaidi, baba mtu akaridhika, ila akasema neno la mwisho ni la mama. Na mama, Bi Zahara, alikuwa kimya kama msitu wa Magamba wenye ukungu. Ndiye aliyeongoza ngoma ya akina mama wa kijiji chetu cha ujamaa kule juu Magamba, na siku hiyo walitakiwa wakaimbe uwanjani Lushoto mbele ya mgeni kutoka Dar es Salaam. Dereva wa gari la kijiji anaumwa. Nani ataendesha? Mimi hapa, mwalimu wa kisomo cha watu wazima (na mwandishi wa riwaya isiyokwisha), niliyejifunza gari jeshini, nikanyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Nikalileta gari mpaka penye ofisi ya kijiji, nikalizima, akina mama wakapanda nyuma na ngoma zao. Jua lilikuwa limepasua ukungu, kabichi zinang'aa bondeni, na moyo wangu unaruka kama ndama. Ndipo nikasema neno lililoniponza.

"Mama, karibu mbele."

Kwetu mkwe hakaribiwi hivyo. Ukikutana naye njiani unampisha, humkazii macho, na pale anapokaa wewe hukai. Kule nyuma Mama Hadija, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akaangua kicheko.

"He! Mwalimu, mkwe unamweka ubavuni kama utingo?"

"Haya ni maendeleo, mama," nikajibu, kifua mbele.

Bi Zahara akapanda, akavuta khanga mpaka kwenye nyusi, akasimamisha mwavuli wake katikati yetu kama ukuta. Nikapiga stata. Gari likakohoa, likanyamaza. Nikapiga tena. Injini haikushika.

Sikuogopa, nasema kweli, nilifurahi! Sasa wangeniona fundi. Stata inazunguka kwa nguvu, basi betri ni nzima; ni mafuta hayafiki. Nikafungua boneti, nikachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta: mkavu. Nikapampu kwa mkono ile pampu ya mafuta: hakuna kitu. Nikaenda kwenye bomba linalotoka tangini, nikaweka mdomo, nikavuta kwa pumzi zote, nikapata upepo na tope la petroli ambalo nilicheua mpaka jioni.

Ndipo nikakumbuka. Gari lile lilikuwa na matangi mawili! Petroli ilikuwa ya mgao, kwa hiyo dereva alitumia la kulia na kuliweka la kushoto akiba. La kulia limekauka, basi. Kinachotakiwa ni kugeuza koki tu ya kubadilisha tangi, ndogo kama kizibo cha chupa. Na koki iko wapi? Kwenye sanduku la kiti cha abiria, chini kabisa, nyuma ya visigino vya Bi Zahara.

Mngesema, si umwambie ashuke? Jamani! Nimemkalisha pale kwa heshima mbele ya kijiji kizima, halafu nimshushe? Na nitamwelezaje bila kutaja miguu yake? Ulimi ulikataa.

"Kabureta imeziba," nikadanganya. "Likisukumwa litawaka. Wewe mama usishuke."

Akina mama wakashuka, wakasukuma, wakaimba, na barabara ya Magamba (mnaijua) inateremka tu, gari likashika kasi, nikaachia klachi, likashtuka, likakataa, nikasema kona moja zaidi, na nyingine, na nilipotazama nyuma hapakuwa na mtu. Tulibaki wawili, mimi na mama mkwe, tunateleza kimyakimya kati ya miti, hakuna mlio ila upepo na mimi ninayecheua.

"Mwalimu," akasema akikitazama kioo cha mbele, "hao waimbaji wangu wanakuja na gari gani?"

Nikaukamata usukani kwa mikono miwili. Gari likaishiwa mteremko palepale penye soko. Watu wakatuzunguka, wengine wanamwamkia kwa Kisambaa, "Onga mshi, Bi Zahara!", wengine wanauliza huyu kijana kakaaje na mkwe. Nikachanganyikiwa. Nikafumba macho (kwa adabu, ndivyo nilivyowaza!), nikainama, nikapeleka mkono chini ya kiti kuitafuta koki.

Nikashika kifundo cha mguu.

Alipiga yowe! Mwavuli ukanishukia kichwani, mgongoni, tena kichwani, na muuza nyanya mmoja akapaza sauti, "Mshikeni, ana wazimu!"

"Koki, mama! Koki ya petroli! Iko nyuma ya mguu wako!"

Mwavuli ukasimama hewani. Akashuka taratibu, akatazama chini ya kiti, akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza usoni.

"Tangu Magamba ulijua?"

"Ndiyo, mama."

"Ukawasukumisha watu gari kwa sababu ya kisigino changu?"

Nikageuza koki, nikapampu, nikapiga stata, likawaka kwa ngurumo na soko zima likapiga vigelegele. Nikarudi mbio kuwapakia waimbaji. Nikawakuta wameshakata njia za mkato, ngoma vichwani, wanaimba wimbo mpya kuhusu mwalimu na kabureta. (Huo ndio waliomwimbia mgeni, naye akaomba urudiwe.)

Jioni nilipokuwa nawapakia, Bi Zahara alipanda nyuma. Akasema bila kugeuka, "Mkwe."

Mkwe!

"Mwambie baba yako aje tupange siku. Lakini aje kwa miguu."

Mwanaidi ni mke wangu leo, na mama yake hajakaa tena mbele ya gari ninaloendesha. Nikihitaji kitu kwake nakisema mapema, nikiwa mlangoni, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mikono nimeifunga nyuma.