Hakuna Anayeishi kwa Wastani

Jumanne simu ya mezani ililia ofisini, nikaambiwa rafiki yangu mwanahisabati, yule wa Muthetheni, amefariki. Kisukari. Wasomaji wangu mtanisamehe, siasa zitangoja. Tulizoea kukutana katika hoteli moja mjini Machakos, chai mezani, yake haina sukari. Utafiti wake ulihusu milinganyo ya mambo yanayobadilika polepole, kisha yanapigwa vishindo vya ghafla, na athari zake zinachelewa kuonekana. Nikamwambia sielewi hata chembe. Akacheka, akaniambia nifikirie tangi: linavuja kidogo kidogo, linajazwa kwa kishindo, na mvua ya mlimani hulifikia siku kadhaa baadaye. Kulihesabu hivyo ni kazi ngumu, basi wataalamu husawazisha vishindo vyote vikawa wastani mmoja. Yeye alithibitisha ni lini jambo hilo linaruhusiwa: vishindo viwe vidogo, kuchelewa kuwe kufupi. La sivyo, unajidanganya.

Insulini yake aliihifadhi katika mtungi uliofukiwa kwenye mchanga mbichi, maana nyumbani hakukuwa na stima. Nayo zahanati ya kwao ililetewa dawa kwa vishindo hivyo hivyo, katoni tele mwezi huu, halafu kimya. Alipolalamika, afisa mmoja alimweleza kwa upole kwamba kwa wastani dawa ya mwaka inawatosha wagonjwa wote. Mimi nilipandwa na hasira. Yeye wala. "Hesabu yake ni sawa," aliniambia. "Shida ni kwamba mimi sio mwaka."

Mwezi uliopita lori la dawa likachelewa tena. Nilizunguka maduka ya dawa, mjini mpaka Matuu, nikarudi mikono mitupu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenzangu akaanza kujidunga nusu ya kipimo, ili chupa ya mwisho imfikishe siku ya lori. Yaani alijifanyia wastani, yeye wa kwanza kujua haufai! Nikamwuliza mbona anafanya hivyo.

"Najua hesabu inakataa," akasema. "Niko na nini kingine?"

Swali hilo linaniuma hata leo.

Lori lilifika siku tuliyomzika. Mama yake, ameketi kando ya kaburi, akaniuliza kama ni kweli dawa imekuja. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni nyingi.

"Ni nyingi, mwaitu, mama yangu," nikamjibu, kisha nikashindwa kumtazama.

Ninyi mnaotugawia dawa, maji na unga, acheni kutuambia vinatosha. Tuambieni vinafika lini.