Bega la Mama

Wakati huo niliishi peke yangu Kasulu, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, nikitengeneza katuni kwa kompyuta. Nilikuwa na kazi ya filamu fupi ya kuwahimiza wajawazito waende kliniki. Ndani yake mama mtu mzima anampokea mkwewe mlangoni. Nilimchora vizuri, nikamvika kitenge, lakini alipoinua mikono ungedhani anaongoza magari barabarani.

Mteja akanipigia simu. "Dada, huyu mama anaongea, ila hajafurahi kumwona mgeni."

Nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikajirekodi nikimpokea mgeni asiyekuwepo. Nilirudia mara nyingi. Kila nilipojitazama niliona mtu aliyesahau kukaribisha. Si ajabu, tangu nihamie pale, aliyebisha hodi kwangu ni mwenye nyumba tu.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Kibondo kwa baba. Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo mimi na baba tulizungumza habari za mvua na maharage basi. Nikamweleza shida yangu.

"Mama alikuwa anapokeaje wageni?"

Baba akaweka kikombe chini, akaenda kusimama mlangoni. Akapiga makofi mawili ya taratibu, akainama kidogo, akanyoosha mikono yote miwili, akanishika juu ya viwiko.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, kwa sauti nyembamba ya mama. Bega la kushoto lilitangulia. Nilikuwa nimelisahau kabisa bega lile.

"Rudia, baba, nikurekodi."

"Hapana, mwanangu. Imetosha."

Nikarudi Kasulu na salamu ile kichwani tu. Siku nne nilisogeza bega, kisha kiwiko, kisha vidole, picha moja baada ya nyingine, hadi yule mama akasogea kama mtu. Mteja aliipokea filamu siku niliyomaliza, akashukuru sana.

Nikamtumia baba kipande kile. Baada ya muda akanipigia.

"Akitanguliza bega ni mama yako," alisema. "Uso siyo."

"Uso niliubuni, baba."

"Sawa." Nikamsikia akivuta pumzi. "Usinitumie kingine. Hiki kinanitosha."

Simu ilipokatika, nilikaa mbele ya kompyuta bila kugusa kitu. Nilitaka kumpigia tena, nimwambie kwamba hata mimi nimemkumbuka mama. Sikupiga.