Maelezo ya Lundo

Miaka ya tisini niliandika programu ya kompyuta kwa kliniki moja mjini Migori, ili mgonjwa aliyezidiwa zaidi aitwe kwanza. Nilipopata kazi Homa Bay, nilimwachia muuguzi mmoja niliyemfundisha kuitumia. Kabla sijaondoka akaniita, amekasirika, akinionyesha orodha ya wagonjwa kwenye skrini.

"Hii kitu imeharibika. Huyu mama wa uchungu anafaa kuwa wa pili, lakini yuko wa tatu, nyuma ya mtu wa kikohozi!"

Nikamweleza kwamba kompyuta huwaweka kama lundo. Aliye juu ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote. Waliobaki chini hawajafuatana kwa uzito wa hali zao. Wa juu akitoka, aliyezidiwa zaidi kati yao hupanda.

"Sasa mbona hukuandika hivyo?"

Nilikuwa nimeandika, ila kwa Kiingereza cha watu wa kompyuta. Nikaketi, nikaongeza kwa Kiswahili mwanzoni mwa programu: "Mwamini aliye juu peke yake. Usiwasome waliobaki kama foleni."

Akasoma polepole, kisha akamwita mgonjwa wa kwanza. Papo hapo jina la yule mama likapanda juu.

"Erokamano," akanishukuru kwa Kijaluo, akaenda kumsaidia mama kuinuka.