Taa Aliyoivunja Leonia

Anayesema wifi yangu Leonia alikuwa kichaa aje aniambie mimi usoni, aache kunong'ona nikishapita. Nimechoka. Wakimbizi wenyewe wengi wamesharudi kwao Kongo, lakini watu wa hapa Mwamgongo midomo yao haijapumzika. Mimi ni Clementina, mke wa Oswald, na Oswald ni mdogo wake Leonia. Nilikuwepo ufukweni siku zote mbili, na niliyoyaona niliyaona kwa macho haya.

Leonia alikuwa fundi wa karabai, zile taa za mafuta za kuvulia usiku. Wavuvi wa dagaa wote wa huku walimletea yeye, na wote walimwogopa. Nahodha mzima na ndevu zake akileta karabai yenye masizi, anarudishwa nayo: "Kaioshe kwanza, mimi si mkeo." Aliwahi kuolewa Ujiji, akakaa miezi minne, akarudi na godoro lake kichwani. Tulipomuuliza kulikoni, alisema mwanaume yule anaongea sana asubuhi. Basi, hakuna aliyemwuliza tena. Chakula chake chote kilinuka mafuta ya taa, na ukisema anakunyang'anya sahani.

Kazi yake ya pili ilikuwa kupokea mitumbwi. Upepo ukitoka upande wa Kongo, mawimbi ya hapa kwetu yanavunjikia karibu na nchi kavu, na hapo ndipo watu wanapofia, siyo huko kilindini. Mwaka wa tisini na sita vita vilipochacha ng'ambo, boti za wakimbizi zilikuwa zinaondoka kule jioni kwa kuogopa bunduki, zinafika kwetu usiku. Boti zenyewe kubwa, hazithubutu kusogea. Zinasimama nje ya mawimbi, Oswald anazifuata na mtumbwi, anawaleta watu ishirini ishirini.

Kuwaingiza ndiyo kazi. Oswald anakaa nyuma na kasia lake, anaangalia mawimbi yanayomfuata, anayaacha yapite mpaka aone linalomfaa. Hapo anapiga ukelele, wapiga makasia wanavuta kwa nguvu zote, wimbi linawabeba mpaka mchangani. Abiria wote wawe wamekaa chini kabisa, matako kwenye mbao. Wakisimama wawili watatu tu, mtumbwi unageuka ubavu, na ukigeuka ubavu kwenye wimbi umekwisha.

Kwa hiyo Leonia alikuwa anaificha taa. Karabai anaitia ndani ya debe lililokatwa upande mmoja, huo upande anauelekeza milimani. Anapiga filimbi, Oswald anaifuata sauti. Mtumbwi ukigusa mchanga, ndipo anageuza debe watu waone pa kukanyaga. Nilimwuliza kwa nini anawatesa na giza. Akaniambia, "Wifi, mtu ameacha maiti nyumbani kwake, amekaa majini saa nyingi hajui kama atafika. Akiona taa anasimama. Hata wewe ungesimama." Wiki tatu waliingia hivyo, na hakulowa mtu zaidi ya magoti.

Halafu akaja Bwana Jonathan. Kijana mzuri tu wa mikoani, ameletwa na shirika kupokea wakimbizi, shikamoo mdomoni wakati wote. Siku ya kwanza aliona watu wanashuka gizani akashika kichwa. "Mbona mnawashusha kama magendo?" Hakuuliza akasubiri jibu, aliuliza akapanda boti kwenda Kigoma, akarudi na jenereta na taa kubwa ya umeme yenye miguu mitatu ya chuma, kimo cha mtu. Akatafuta mwashaji. Kila mtu akamwambia mambo ya taa ni Leonia, basi akamwajiri Leonia.

Leonia alimweleza. Alimweleza kwa upole, nami nilishangaa kwa sababu upole hakuwa nao. Yule kijana akacheka. "Mama, mwanga haujawahi kumwua mtu."

"Basi mawimbi huyajui."

"Nimesomea kazi hii, mama."

Amesomea! Hata sasa nikilikumbuka neno hilo natamani kupasua kitu.

Usiku ule Oswald alikuwa na watu ishirini na wawili. Filimbi ilishalia, naye alikuwa amesharukia wimbi lake. Jonathan alikuwa na wageni wa shirika wawili na kamera zao. Akasema, "Washa, mama."

"Waguse mchanga kwanza."

"Nimesema washa. Nani mwajiri hapa?"

Leonia akawasha.

Mama we! Tuliwaona kama mchana. Niliona sura zao, niliona wanacheka. Wakasimama wote kwa pamoja, mwanamke wa mbele akanyanyua mtoto wake juu kuuelekea ule mwanga, na mtumbwi ukaenda upande, na wimbi likapita juu yao. Tuliingia majini na nguo zetu. Tulitoa watu kumi na watatu. Tisa tuliwazika kesho yake, yule mtoto akiwa mmoja wao. Oswald alitoka na msichana mgongoni.

Na Jonathan aliandika nini kwenye ripoti yake? Kwamba mtumbwi ulizidisha watu. Tena akasema taa ilichelewa kuwashwa. Siku nyingine iwashwe mapema, nahodha aone vizuri. Nahodha ambaye macho yake yako nyuma! Nilimfuata hadi hemani kwake nikampa vidonge vyake, akaniambia anaelewa uchungu wangu. Uchungu! Mimi nilikuwa na hasira, bwana, uchungu nilikuwa nimewaachia waliofiwa. Leonia hakwenda. Alikaa na karabai za watu mapajani, hatengenezi hata moja.

Wiki moja baadaye boti nyingine ikafika, na upepo uleule. Oswald akaingia tena kwa sababu hakuwepo mwingine anayeweza. Nilimshika shati, akanitoa mkono polepole akaenda.

Leonia akamwambia Jonathan mbele ya watu, "Leo siwashi."

"Basi huna kazi."

"Sawa."

Jonathan akaiwasha mwenyewe, akasimama mbele ya jenereta amekunja mikono. Mtumbwi ulikuwa bado nje ya mawimbi. Nikaona vichwa vinaanza kunyanyuka, kimoja, viwili. Nikamsikia mume wangu anapiga kelele mpaka sauti inakatika: "Kaeni! Kaeni chini!" Wapi. Nami nilikuwa napiga kelele sijui nasema nini. Nilichokuwa najua ni kwamba wimbi linalofuata linamchukua Oswald na wote alionao.

Leonia alichota ndoo ya maji ziwani, akaja nayo mbio, akaimwaga yote kwenye ile taa. Kioo kilikuwa cha moto. Kikapasuka kwa kishindo, vipande vikamchana mkono. Giza likarudi. Nikamsikia anapumua kwa nguvu, halafu nikasikia filimbi yake.

Waliingia wote kumi na tisa. Wimbi likawaleta hadi miguuni petu, wakashuka wakishikana nguo, na wengine walikuwa wanatukana kwa kuzimiwa taa. Nilimshika Oswald shingoni nikampiga makofi ya mgongo kama mtoto aliyepaliwa.

Asubuhi polisi wakamchukua Leonia. Kuharibu mali ya wakimbizi, ndivyo walivyoandika. Mali ya wakimbizi! Tulimfuata Kigoma, mimi na Oswald, na kitambaa cha mkono wake nilikifunga upya mahakamani. Jonathan alikuwepo, kavaa shati safi, haniangalii. Karani akasoma tarehe na kosa, hakimu akamwuliza kama anakubali.

"Kosa ninalo," Leonia akasema. "Lakini hiyo tarehe siyo. Andikeni ya wiki moja nyuma. Siku hiyo niliambiwa washa, nikajua watakufa, nikawasha."

Karani akainua kalamu, akamtazama hakimu. Hakimu akamwambia asiliandike hilo, halimo kwenye shauri.