Mugonjwa Alikatala Mukono ya Mwanamuke

Kijana alikuwa anakufa mbele yangu, na alinikatalia kabisa nimuguse.

Si bongo, si uongo, naapa.

Mi ni Mianda, infirmière, muuguzi ya jeshi, mutoto wa Kolwezi. Vita ilipowaka, balinituma ku front, ku mapigano, kule Mashariki. Siku moja balituletea mupiganaji mumoja, Kabasele, risasi mu mupaja, damu inamwangika.

"Mama, hapana kunigusa! Balinichanja dawa ya kuzuia risasi. Mwanamuke akinigusa, dawa inakufa!"

"Risasi iko ndani yako, na ungali unalinda dawa?"

"Iliingia juu nilivunja mwiko, nilikula sombe, majani ya muhogo. Kosa ni yangu."

Mama yangu eeh!

Benzake nao bakasimama na bunduki: hakuna kugusa. Infirmier mwanaume hatukuwa naye.

Nikasikia Kabasele analia kwa Tshiluba, luga ya wazazi wangu. Bon! Kwetu batu ya Kasai, dada ya baba ni tatu mukaji, ni kusema baba mwanamuke. Ana mamlaka ya baba, ni baba kabisa.

"Kabasele! Tangu leo mi ni dada ya baba yako. Hauguswi na mwanamuke, unaguswa na baba!"

Chef yao, mukubwa wa kikosi, akafikiri, akaniapisha mbele ya kikosi nzima. Bote bakanipigia saluti: "Tata Mianda!" Ni kusema Baba Mianda.

Nikatoa risasi. Akapona. Vita ikatulia kidogo, mi nikarudia ku nyumba, mu mutaa wa Kasulo, kule Kolwezi.

Mwaka huu binti yangu, Joyeuse, akatuletea muchumba wake. Nafungua mulango: Kabasele!

"Tata!" Akanirukia shingoni.

Joyeuse akashangaa: "Tata gani?"

Muume wangu Muteba alisikia yote, akakunja uso.

"Uliapa mbele ya batu. Ni mutoto wa ndugu yako. Ataoa dada yake? Ni mwiko!"

Joyeuse akalia mpaka roho yangu ikauma. Nikamuambia Kabasele:

"Njia ni moja. Nafuta kiapo. Lakini sasa itakuwa ni mwanamuke alikugusa, dawa yako imekufa. Na juma ijayo unarudia ku front."

Akamuangalia Joyeuse. Akatoa hirizi ku shingo, akaiweka mezani, pembeni ya bukari, ule ugali wetu.

"Mama," akasema. "Nafuta na mi."

Balioana. Joyeuse iko na furaha. Kabasele iko ku front.

Na mi, infirmière wa masomo, simu ikilia tu naacha yote, nakimbia kuipokea: nilimunyanganya dawa mi mwenyewe!

Bandugu, musicheke dawa ya mutu kabla hajakuwa mukwe wenu.