Tabasamu Langu Ukweni

Mimi ni karani wa posta hapa Eldoret, na mpaka wiki jana nilikuwa najiona mjanja. Kwetu, kijana wa rika langu aling'olewa meno sita ya mbele, ya chini, ndipo akahesabiwa mtu mzima. Juzijuzi daktari wa meno, Mhindi mmoja karibu na stesheni, akanitengenezea mengine ya bandia. Nikapata tabasamu. Rispa, msichana niliyekutana naye baadaye, alilipenda sana, nami nikamwambia nimezaliwa nalo.

Jumamosi nikaenda kumposa kwa baba yake, mzee wa kwetu anayefanya kazi ya reli na kukaa landhini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Rispa alikuwa jikoni. Mzee na wenzake waliokuja kunipokea wakanikodolea macho mdomoni. Nikadhani wamevutiwa, nikazidi kuchekacheka.

"Baba yako ni nani?" mzee akauliza.

Nikamtaja.

"Uongo. Huyo namjua, na kijana wake hawezi kuwa na meno ya chini. Simwozi binti yangu kwa mtu nisiyemjua. Mtoeni nje!"

Tayari mtu alikuwa amenishika bega. Nikayatoa meno, nikayaweka kiganjani wayaone.

"Kumbe ni wetu!" mzee akasema, akanivutia kiti.

Meno yakapita mkono kwa mkono, kila mtu akiyasifu, mpaka yakamfikia nyanya yake Rispa, mwenye pengo kama langu.

Rispa akaingia na chai, akalikuta lile tabasamu alilolipenda. Lilikuwa mdomoni mwa nyanya yake.